Kiti cha Orval kwenye Bodi ya Maji

Saluni ya Lorene Haskett ilikuwa na viti viwili vya kutengenezea nywele na vinne vya kungojea, na kwa mji wa Sagehen hivyo vilitosha kabisa kujua mambo ya dunia. Aliyeuza ndama kwa hasara, aliyeachwa na mkewe, aliyerudi kanisani ghafla na sababu iliyomrudisha, wote walipita chini ya mashine ya kukaushia kabla habari zao hazijafika posta. Lorene mwenyewe alikataa katakata kuitwa mmbeya. "Mimi ni kituo tu," alisema. "Watu wanashuka hapa, wanapanda, wanaendelea na safari."

Kwa hiyo kama kungekuwa na mtu Sagehen aliyetaka kukaa kwenye bodi ya maji, Lorene angemjua. Hakukuwa na mtu.

Tangazo lilibandikwa ukutani posta tangu theluji ya mwaka juzi: bodi inatafuta wajumbe, viti viwili viko wazi. Jua lilikuwa limelibabua hata maneno yakawa rangi ya chai. Chini yake mtu aliandika kwa kalamu, "Je, mnatoa kahawa?" na mwingine akajibu, "Wanatoa. Usiinywe." Kwenye uchaguzi uliopita hakuna aliyejiandikisha kugombea, watu wakajiandikia majina kwenye nafasi tupu kwa mzaha, na mbwa wa posta akapata kura nne. Mwenyekiti Delmar Yoakum, muuza gesi, alilazimika kutamka rasmi kikaoni kwamba mbwa huyo hastahili, kwa kuwa hulala nje ya mpaka wa eneo la maji.

Bodi ilitakiwa kuwa na watu watano. Mmoja alikufa, mwingine akahamia Boise kwa wajukuu. Wakabaki watatu: Delmar, Twyla Brandvold aliyeendesha basi la shule mpaka magoti yalipomkatalia, na Orval Haskett, mume wa Lorene. Watatu ndiyo akidi. Akikosekana mmoja hakuna kikao, na kikao kikikosekana hakuna wa kuidhinisha hata kununua balbu. Isitoshe, sheria ilitaka kura tatu kupitisha jambo lolote, kwa hiyo wote watatu walipaswa kusema ndiyo, kila mara, kama mapacha. Pampu moja kati ya mbili za mji iliungua mwezi wa saba. Iliyobaki ilikuwa ikikoroma kisimani kama ng'ombe anayetaka kuzaa.

Sasa, Orval alikuwa anapotea.

Si kupotea njia, ingawa hata hilo lilikuja. Alianza na funguo, kama wanavyoanza wengi, akaenda kwenye majina, kisha kwenye siku. Asubuhi moja, akili ikiwa bado safi, aliweka kijiko chini mbele ya bakuli la uji wa shayiri na kumwambia mkewe, "Lorene, nitoe kwenye ile bodi kabla sijajiaibisha. Nimekaa pale tangu tangi lilipokuwa la mbao. Usiniache niwe kichekesho chao."

"Nitakutoa," Lorene alisema.

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mzee. Kula uji."

Ahadi ni rahisi mezani. Orval akijiuzulu hivi hivi wangebaki wawili, na wawili hawawezi hata kumteua wa tatu. Ilibidi kwanza apatikane mtu wa kujaza kimoja cha vile viti vitupu, na Orval mwenyewe anyooshe mkono kumkubali, ndipo aondoke. Mwenye kuondoka ndiye wa kumfungulia mlango anayeingia.

Wakati akimtafuta mtu huyo, Lorene alimficha mumewe. Vikao vya bodi ni vya wazi kwa kila mtu na hakuna mtu anayekwenda, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa umma. Alikaa kiti cha nyuma ya Orval na mfuko wake wa kufuma, na ilipofika zamu ya Orval kusema ndiyo, alikohoa. Orval akisikia kikohozi, husema ndiyo. Mwaka mzima Lorene alikuwa na kifua kibovu. Delmar alimtania, "Shemeji, hicho kifua kitafutie dawa," na Twyla akaangalia dirishani. Lorene aliamini wamepumbazika. Siri ya mtungi, alijiambia, aijuaye kata, na kata ni mimi.

Akatembea nyumba kwa nyumba. Ostrander mfugaji alimsikiliza huku mkono wake mzima uko ndani ya ng'ombe. "Mama Lorene, unaniona nilivyo. Niko na bodi yangu hapa." Mchungaji alisema anatumikia mamlaka moja tu, na hata hiyo haimlipi. Vijana wawili wafuga mbuzi waliohamia kutoka Portland walifurahi mno, wakamkumbatia, wakamwahidi kuleta mkate wa ngano zao wenyewe kila kikao. Lorene aliendesha gari kurudi nyumbani akiimba, mpaka Delmar alipomwonyesha ramani: nyumba yao iko ng'ambo ya mfereji, wana kisima chao, hawamo.

"Kwa futi ngapi?" Lorene aliuliza.

"Kwa mfereji mmoja, shemeji. Mbwa na wao ni majirani."

Kila aliyekataa alimalizia na swali lile lile: kwa nini usikae wewe? Naye aliwajibu wote sawa, "Nikikaa mimi, vichwa vyenu atavitengeneza nani? Delmar?" Wakacheka, wakaachana nalo. Lakini sababu haikuwa vichwa. Sagehen mwanamke alikaa kwenye kiti cha bodi namna moja tu: mumewe akishazikwa. Twyla aliingia hivyo, sahani za viazi na jibini za matanga zikiwa bado hazijarudishwa kwa wenyewe. Mama wa Delmar aliingia hivyo kwenye bodi ya zimamoto. Lorene hakutaka kukalia kiti cha mtu ambaye kila asubuhi alikuwa akimfunga vifungo vya shati.

Akabaki Nedra Fitch, mwenye duka la vyakula, shoga yake wa miaka yote. Lorene alimvizia akiwa na rangi kichwani, kwa kuwa mtu mwenye rangi kichwani hana pa kukimbilia.

"Nedra, nataka ukae kwenye bodi ya maji."

"Nilijua tu. Nilipoona unanipakaa polepole nikajua."

"Kikao kimoja kwa mwezi. Unakaa, unasema ndiyo, unaenda zako. Orval amechoka, anataka kupumzika."

Nedra alimtazama kwenye kioo, kisha akatazama mikono yake. "Lorene, kaa chini."

"Nikae vipi na mikono imejaa rangi?"

"Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Orval. Tunajua, mwenzangu. Alikuja dukani kununua chumvi, akarudi kununua chumvi, akarudi tena. Ile ya tatu nikamwambia imeisha ili asiaibike. Ostrander alimkuta amesimama kwenye daraja la mfereji anauliza daraja limejengwa lini. Tunajua tangu mwaka jana."

Brashi ilisimama hewani. Lorene alikumbuka mara zote alizotoka chumba cha nyuma na mataulo mikononi akakuta saluni imenyamaza, wateja wote wamezama kwenye majarida kama wanafunzi wa mtihani. Alidhani wanamsema mchungaji.

"Wote?"

"Wote."

"Delmar na Twyla?"

"Lorene, kikohozi chako kinasikika mpaka barabarani."

"Mbona hamkuniambia?" Sauti yake ilitoka ndogo. "Mimi nawaambieni kila kitu. Hata yasiyowahusu!"

Nedra alifuta tone la rangi lililomtelemkia sikioni. "Tungekuambia, ungemtoa. Ungemtoa, angetakiwa mtu. Maadamu Orval amekaa pale, hakuna aliyekuja kutugongea mlango."

"Na sasa nimekugongea."

"Siwezi, Lorene. Duka, na mama yangu kule chumbani. Siwezi, mpenzi."

Lorene alimwosha nywele zile kwa maji ya baridi kuliko ilivyo desturi, na Nedra hakulalamika.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa zimamoto, kandokando ya lori jekundu. Orval alivaa koti lake la kikao, lile la kahawia, na siku hiyo alikuwa mzuri: alimpa mkono Delmar, akamuuliza Twyla hali ya magoti. Lorene akaanza kupumua. Delmar alikuwa amemwahidi kwamba wakijitahidi wataomba kaunti iwateulie mtu, itachukua muda lakini itafanyika, na Orval atatoka kimyakimya, na keki.

Ndipo watu wakaanza kuingia. Kumbe habari ilikuwa imezunguka kwamba bili ya maji itapandishwa ili kununua pampu, na jambo ambalo uchaguzi, tangazo na mkate wa ngano havikuliweza, bili ililiweza. Walikuja wote. Viti vilikwisha, wengine wakaegemea lori, mtoto wa mtu akapanda kwenye ngazi yake akakaripiwa. Lorene alipogeuka kutoka kumimina kahawa, kiti chake cha nyuma ya Orval kilikuwa kimekaliwa na Ostrander mwenye mabega mapana kama mlango. Akasimama ukutani mwisho kabisa, karibu na friji ya wazima moto. Kutoka pale angeweza kukohoa mapafu yatoke, kikohozi kisingemfikia Orval.

Delmar aligonga meza. "Kabla ya mambo ya pampu, na tafadhalini msinirushie vitu, tuna viti viwili vitupu. Mmejaa humu kama kanisani Pasaka. Hakuna hata mmoja?"

Watu wakaangalia viatu. Viatu vya Sagehen havijawahi kuangaliwa kwa makini namna ile.

"Nyinyi ndio mnaokunywa maji haya," alisema Twyla. "Au mnakunywa kitu kingine?"

"Ukiona bili, utakunywa kitu kingine!" mtu akapaza sauti, kicheko kikapasuka.

Katikati ya kicheko hicho Orval aliinuka. Alitazama ukumbi uliojaa, nguo nzuri za watu, kahawa mezani, sahani za biskuti. Uso wake ukawa na huzuni ya heshima.

"Samahanini," alisema. "Nani amekufa?"

Wakacheka zaidi. Kwa sekunde chache walisahau walichokijua, wakadhani ni mzaha. Orval alikuwa mtu wa mizaha zamani. Mzee mmoja alipiga paja akasema, "Bei ndogo ndiyo imekufa, Orval!" Lakini Orval hakucheka. Alikuwa amesimama anangoja jibu, macho yakienda kutoka uso mmoja hadi mwingine, na kicheko kikaanza kufa, upande huu, kisha upande ule, isipokuwa kijana mmoja karibu na lori aliyeendelea peke yake, hajui kuacha.

Usiniache niwe kichekesho chao.

"Mimi," Lorene alisema.

Ukumbi mzima uligeuka.

"Mimi nitakaa. Delmar, niandike mimi." Alipita katikati ya watu akisukuma mabega, mpaka akafika mbele ya meza. Hakujua alipita vipi. Alijua tu kwamba macho yote sasa yako kwake na si kwa Orval, na hilo ndilo alilolitaka.

Delmar alimgeukia mwenzake. "Twyla?"

"Napendekeza Lorene Haskett ajaze kiti," Twyla alisema haraka.

"Naunga mkono. Kuna swali lolote kwa mwombaji? Hakuna. Basi tupige—"

"Ninalo," alisema Orval.

Alikuwa ameketi tena, amevaa miwani, amekunja mikono juu ya meza. Kitu fulani kilikuwa kimerudi mahali pake, kitu cha zamani cha kazi. Hivyo ndivyo alivyowahoji wote waliowahi kuomba kiti, siku zile walipokuwa wakiomba.

"Mama, karibu," alimwambia mkewe. "Usiogope, ni maswali ya kawaida. Unaishi ndani ya eneo letu?"

Lorene alimtazama Delmar, Delmar akatazama meza.

"Naishi," alisema.

"Sehemu gani?"

"Barabara ya Mreteni. Nyumba nyeupe yenye baraza."

"Naijua." Orval alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Laini ya pale ni ya inchi mbili, niliichimbia mwenyewe. Ardhi ngumu. Una mita?"

"Ninayo."

"Umewahi kukatiwa maji kwa kutolipa?"

"Hapana, bwana."

"Vizuri. Unajua valvu ya tangi ikigandishwa na baridi unafanya nini?"

"Naipigia simu nyumba yenye baraza," Lorene alisema, "na mume wangu anatoka na tochi."

Watu wawili watatu walicheka kwa upole. Orval naye akatabasamu. "Jibu zuri hilo. Hukudanganya." Akainama mbele kidogo. "Kazi hii inakula muda wa nyumbani, mama. Wake wengi, waume wengi, wamenilalamikia. Mumeo anasemaje? Yuko wapi leo?"

Lorene alifungua kinywa. Maisha yake yote hajawahi kukosa la kusema, hata makaburini. Alimtazama yule mtu mwenye koti la kahawia, kifungo cha tatu alichokifunga yeye mwenyewe jioni ile kikiwa kimeruka tundu moja, na neno halikuja. Machozi ndiyo yaliyokuja, mbele ya mji mzima.

Orval aliona. Polepole alivua kofia yake na kuiweka mezani.

"Aa," alisema. "Pole sana, mama. Nisamehe. Sikujua."

Nyuma, Nedra Fitch alijifunika uso kwa mikono miwili. Ostrander alikuwa akitazama lori kana kwamba anataka kulinunua.

"Alikuwa mtu mwema?" Orval aliuliza.

"Sana."

"Basi atakuwa amekufundisha." Akamgeukia Delmar, na sauti yake ilikuwa safi kama ya mtu wa miaka arobaini. "Mwenyekiti, sina swali zaidi. Ni mtu wa maana. Ndiyo."

Delmar akasema ndiyo. Twyla akasema ndiyo. Lorene aliinua mkono wa kulia akaapa kuilinda katiba ya nchi na ya jimbo na kuyatumikia maji ya Sagehen kwa uaminifu, na Twyla akamvutia kiti karibu na Orval. Orval alisogea kumpa nafasi. Alimsukumia sahani ya biskuti, akamnong'oneza, "Wakikuchanganya na hesabu zao, sema hapana. Watakueleza upya. Mimi ndivyo ninavyofanya."

Zamu ya pampu ilipofika, hakuna aliyepiga kelele. Wale waliokuja na hasira walikuwa wamezikalia. Delmar alisoma nyongeza ya bili, akaita majina. Delmar ndiyo. Twyla ndiyo.

"Orval?"

"Hapana," alisema Orval kwa uthabiti. "Pampu ile inahimili kiangazi kimoja zaidi. Niliisikiliza jana."

Pampu aliyoisikiliza Orval ndiyo iliyoungua. Ikabaki kura moja, na bila hiyo hakuna pampu. Delmar hakuita jina. Alimtazama Lorene tu.

Katika ndoa yao yote Lorene alikuwa amempinga Orval kuhusu rangi za kuta, kuhusu wakwe, kuhusu gari, kuhusu Mungu. Kuhusu maji, kamwe.

"Ndiyo," alisema.

"Umeanza vibaya," Orval alimwambia kwa wema, akampigapiga mkono. "Utajifunza."

Mwishoni Delmar alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba mjumbe mmoja wa siku nyingi anastaafu leo, mtu aliyeyaleta maji kwenye kila bomba la mji huu. Hakuweza kumaliza. Watu wakainuka wakapiga makofi, makofi marefu, ya watu wanaodaiwa kitu na wanajua wanadaiwa. Orval aliinuka pamoja nao. Alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akigeuka huku na huku kumtafuta huyo mzee.

Nje baridi ilikuwa imeshuka. Watu walimpita Lorene wakimgusa bega. Nedra alitaka kusema kitu, Lorene akatikisa kichwa kumkataza. Orval alisimama kando ya gari na kukataa kupanda.

"Asante, mama, lakini nitangoja. Mke wangu atakuja kunichukua."

"Atachelewa. Ameniomba nikufikishe."

Alimchunguza kwa mashaka. "Amekuomba wewe? Anaitwa nani?"

"Lorene."

"Basi unamjua."

"Namjua kidogo," Lorene alisema, akamfungulia mlango.

Orval aliingia, akajifunga mkanda mwenyewe. Walipofika karibu na daraja la mfereji, alimwomba apunguze mwendo kidogo, kwa kuwa nyumbani taa inawaka, na hataki mkewe asikie breki akashtuka.

Hakukuwa na taa iliyowaka. Lorene alipunguza mwendo.